Toa Tatu

Kama kuna siri iliyowahi kulala nyumbani kwa Penina pale Miyuji, basi ililala nje ya geti. Si kwamba mama huyo ni mmbea. Yeye mwenyewe atakuambia kwamba umbea ni kusema uongo, na yeye husema aliyoyasikia tu. Na Jumamosi ile asubuhi, akipita na beseni la nguo nyuma ya Emiliana, binti wa kaka yake, alisikia haya kwa masikio yake mawili:

"Haiwezekani! Kama namba hizi ni za kweli, linatugonga Jumatano."

Emiliana alikuwa akiongea na kompyuta. Ana tabia hiyo tangu aanze kufundisha hesabu chuoni kule Chimwaga. Hesabu ikimkataa, huisema kwa sauti kama mtu anayegombana na mbuzi. Hakujua kuna mtu nyuma yake. Alipogeuka, beseni lilikuwa chini, nguo hazijaanikwa, na shangazi hayupo.

Lililomsumbua lilikuwa jiwe. Wiki ile darubini moja kubwa ya ng'ambo ilikuwa imeona asteroidi mpya, jiwe la angani ambalo hakuna aliyewahi kuliona, likikatiza jirani na njia ya Dunia. Jiwe la namna hiyo likionekana mara ya kwanza halina jina wala anwani. Linapewa namba ya muda tu, kama mgonjwa aliyefikishwa hospitali bila ndugu. Ili ujue linatoka wapi na linakwenda wapi, inabidi watu wa sehemu mbalimbali walipige picha, waeleze lilikuwa upande gani wa anga na ilikuwa saa ngapi, kisha hesabu ichore njia yake kulizunguka Jua. Ukiipata njia, unajua pa kulitafuta siku inayofuata. Usipoipata, jiwe linafifia, linatokomea, na kuliona tena ni bahati ya mtende kuota jangwani.

Na siku ya mwisho ya kulitafuta ilikuwa hiyo hiyo Jumamosi, jua likishazama, kabla jiwe halijazama nalo. Waratibu wa ng'ambo walikuwa wamewaandikia watazamaji wote: nani ana anga safi? Huku mawingu, kule mvua. Emiliana akajibu kabla hajafikiri: Dodoma. Nani asiyeijua anga ya Dodoma mwezi wa saba? Hata wingu la kuazima hupati. Wakamwandikia, basi tunakutegemea wewe. Ndipo akaanza kujuta.

Maana darubini yake, aliyopewa na chuo na kuisimika uani kati ya banda la kuku na kamba ya nguo, huona kipande kidogo sana cha anga. Ni kama kumtafuta mtu Sabasaba siku ya gulio huku unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Lazima ujue tundu ulielekeze wapi. Na hesabu ndiyo hiyo, imegoma.

Vipimo vilikuwa vitatu: cha wale wa ng'ambo, chake mwenyewe cha Alhamisi, na cha Ijumaa. Ijumaa upepo wa Dodoma ulitikisa darubini yake mpaka nyota zikacheza ngoma, kwa hiyo kipimo cha siku hiyo kilitoka Mpwapwa, kwenye kivuli cha milima, kwa Mwalimu Ludovick. Vile viwili vya kwanza vilipatana kama mke na mume mbele ya mchungaji. Ukiingiza cha Mwalimu, vurugu. Mara jiwe linagonga Dunia, mara linatoka nje kabisa ya ujirani wa Jua, mara linarudi nyuma kama mtu aliyesahau funguo. Na ukikiacha cha Mwalimu, eneo la kutafuta linakuwa pana mno, hata ukeshe mwezi mzima hulimalizi.

Kwa hiyo Mwalimu alikuwa amekosea mahali. Lakini nani amwambie? Huyu ndiye aliyemfundisha Emiliana kujumlisha na kutoa wakati hana meno ya mbele. Ni mzee aliyestaafu na heshima zake zote, na darubini yake ndogo anaifuta kwa kitambaa cha hariri. Emiliana aliandika ujumbe, "Shikamoo Mwalimu, samahani, naomba kuuliza kuhusu kipimo chako," akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta nao. Yaani ni kama kumwambia baba mkwe kwamba suruali yake imetoboka.

Wakati yeye akiandika na kufuta, shangazi alishafika dukani kwa Zeenat, muuza vitambaa na shoga yake wa miaka.

"Jumatano?" Zeenat akashika kifua. "Jumatano hii hii?"

"Nimesikia kwa masikio yangu. Na yule mtoto hatanii kwenye hesabu."

"Ya Rabi! Na nguo za harusi ya watu nimeahidi Alhamisi!"

Kutoka kwa Zeenat habari ilipanda bodaboda ya Zablon, na bodaboda haina breki kwenye mambo kama hayo. Penina mwenyewe akampigia wifi yake Mpwapwa, ili asije akalaumiwa kwamba ndugu walikufa bila taarifa. Hata jua halijafika utosini, Emiliana alitoka nje kutafuta chai akakuta uani kumejaa. Viti vya kanisani vimeletwa. Kuku wawili wako kwenye sufuria. Zeenat amekuja na beseni la bajia, na sinia la zabibu linapita mkono kwa mkono.

"Shangazi, kuna nini? Nani amefariki?"

"Bado," akajibu Zablon, mdomo umejaa bajia. "Tunasubiri Jumatano."

"Na isituchelewesheee!" akasema mama mmoja, na watu wakacheka kicheko kile cha msibani, cha kujipa moyo.

"Shangazi!"

"Usinitolee macho, Emi. Umesema mwenyewe linatugonga. Sasa mimi nikasema, kama ni kufa, watu wafe wameshiba."

Emiliana akaapa kwamba haligongi, kwamba hesabu imeharibika tu. Hakuna aliyemwamini. "Madaktari nao husema hivyo hivyo," akanong'ona mtu. Akarudi kwenye kompyuta yake, akaingiza namba zile zile, akapata majibu yale yale.

Alasiri ndipo sauti ikapasua getini: "Mbukwenyi!"

"Mbukwa!" wakaitikia Wagogo wote waliokuwepo, na hao hawakuwa wachache.

Alikuwa Mwalimu Ludovick mwenyewe, koti la suti, vumbi la basi mpaka kwenye kope. Emiliana akaruka, akampokea mkoba. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia jiwe letu linatuua. Nikamwambia mke wangu, kama ni hivyo, nikafie karibu na hesabu."

Wakampa kiti, wakampa ugali wa uwele na mlenda na paja la kuku, wakamzunguka. Watu walitaka kumsikia aliyeliona jiwe kwa macho yake, na Mwalimu si mtu wa kuombwa mara mbili. Emiliana alisimama nyuma ya kiti chake, anatafuta maneno. Kila alipofungua mdomo, mzee alikuwa katikati ya sentensi.

"Nimetulia zangu nyuma ya nyumba," Mwalimu anasimulia, mkono na paja hewani. "Picha ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna. Ya tatu, kinukta hiki hapa, kimesogea! Moyo paa! Na wakati huo huo mke wangu Paulina ananiita kutoka ndani, 'Baba, njoo, taarifa ya habari inaanza!' Nikamwambia, mama, habari yangu mimi iko huku juu!"

Watu wakaangua kicheko. Emiliana peke yake hakucheka.

"Mwalimu, samahani. Habari ya saa ngapi?"

"Ya saa mbili, mwanangu. Sisi Mpwapwa hatuna nyingine."

"Saa mbili usiku."

"Wewe ulitaka nione nyota saa mbili asubuhi?"

Emiliana akaingia ndani mbio, akatoka na simu. Ujumbe wa Mwalimu wa jana ulikuwa pale: saa 11:05. Alikuwa ameuona mara nyingi tu. Lakini programu yake haiweki saa kama saa; huigeuza ikawa sehemu ya siku, desimali, na desimali haikuambii kama ni mchana au usiku.

"Mwalimu, hii kumi na moja umeipataje?"

"Si ulinielekeza mwenyewe kwenye simu? Ulisema wanasayansi wote wanatumia saa moja, ya Greenwich, sisi tumewatangulia kwa saa tatu. Ukasema, 'Mwalimu, toa tatu.' Ilikuwa saa mbili na dakika tano. Nikatoa tatu. Saa moja, saa kumi na mbili, saa kumi na moja." Alikuwa akihesabu kwa vidole vyenye mlenda. "Kumi na moja na dakika tano. Kuna kosa?"

Watu hawakuelewa, ila walielewa kwamba mwanafunzi anamsahihisha mwalimu wake mbele ya hadhara, na hilo hata kuku walilielewa. Penina akaacha mwiko sufuriani. Emiliana akachuchumaa kando ya kiti ili asisimame juu ya kichwa cha mzee.

"Hakuna kosa, Mwalimu. Jibu lako ni sahihi kabisa. Saa kumi na moja jioni. Ila ni sahihi kwa Kiswahili. Mashine inasoma saa za Kizungu. Saa kumi na moja yetu ya jioni, kwao ni kumi na saba. Mimi nilisema toa tatu, sikusema uitoe kwenye saa ipi. Mashine imeona kumi na moja ya kwao, yaani kumi na nne ya huku, ikadhani... ikadhani umepiga picha ya nyota saa nane mchana."

Mwalimu akamtazama. Akaitazama simu. Akalitazama paja la kuku, kana kwamba nalo lina maoni.

"Mimi nimewahi kuziona nyota saa nane mchana," akasema Zablon taratibu. "Siku ile nilipogongana na punda kule Nanenane."

Aliyeanza kucheka ni Mwalimu. Alicheka mpaka koti likamvuka bega, mpaka Zeenat akamshikia sahani. "Saa nane mchana! Mimi Ludovick! Na jua lote lile la Mpwapwa!" Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Emiliana, darasani kwangu mwelekezaji angepata nusu, na mwelekezwa angepata nusu. Tumefaulu kwa kuunganisha. Haya, kasahihishe!"

Akasahihisha. Aliandika kumi na saba badala ya kumi na moja, akabonyeza, na vipimo vitatu vikalala kwenye mstari mmoja kama ng'ombe waliozoea njia ya kisimani. Njia ikajichora: duara refu lililobonyea, linapita karibu na letu, halafu huyoo, linakwenda zake. Umbali wa kupishana, mara nyingi zaidi ya ule wa Mwezi.

"Haligongi," akatangaza.

"Kwa hiyo hatufi?" akauliza Zeenat.

"Hatufi, anti."

"Yalaa! Na mimi asubuhi nimeshamsamehe Mwanaidi!"

Watu walicheka, wakagongeana vikombe vya chai, wengine wakaanza kukunja viti. Emiliana akawazuia. Kazi yenyewe ilikuwa haijaanza. Njia imepatikana kwenye karatasi, lakini lazima jiwe lionekane kwa kweli likiwa pale njia inaposema, leo, kabla halijazama. Wasipoliona, wale wa ng'ambo hawana cha kushika, na jiwe limepotea.

"Unahitaji nini?" akauliza Penina.

"Giza, shangazi. Mtaa una taa nyingi mno."

Mama yule akajifunga kanga kiunoni kwa namna ambayo waliomfahamu walijua taa za mtaa zimekwisha. Akaanza na jirani wa kulia. "Weee Methusela! Zima taa ya nje, mtoto anatafuta jiwe!" Zablon akachukua barabara ya pili kwa pikipiki, taa yake imefungwa soksi. Zeenat akapiga simu kwa wateja wake wote. Taa zikazimika moja moja, geti hadi geti, na magharibi yalipoisha wekundu, nyota zikashuka juu ya Miyuji kama zilizokuwa zikisubiri mlangoni.

Emiliana akaelekeza darubini pale hesabu iliposema. Kamera ikaanza kazi. Picha ya kwanza: nyota. Ya pili: nyota zile zile. Watu wote uani walikuwa wakipumua shingoni kwake, harufu ya bajia na vitunguu, na hakuna aliyesema neno, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona. Akaipitisha ya tatu juu ya ya kwanza, nenda rudi, nenda rudi. Hakuna kitu. Akazirudia kwa haraka. Upande wa magharibi anga ilikuwa inashuka tu kuelekea kwenye kilima.

"Usiharakishe," Mwalimu akamnong'oneza. "Kaa nayo."

Ya nne. Akazipanga tena, nenda rudi. Pembeni kabisa ya picha, karibu kutoka nje ya fremu, kinukta kimoja kikaruka kidogo kwenda kushoto. Kikarudi. Kikaruka. Nyota zote zimetulia, chenyewe kinaruka.

Alinyoosha kidole tu. Mwalimu Ludovick akainama mpaka pua ikagusa kioo, akasimama, akavua kofia.

"Ndilo."

Vigelegele vilivyopigwa pale, waliolala Chimwaga walivisikia. Penina alimwinua Emiliana na kiti chake. Zablon akacheza na Zeenat, kisha akakumbuka adabu akamwachia, naye Zeenat akamvuta tena. Kwenye mitaa yenye giza watu waliokuwa hawajui wanashangilia nini nao wakapokea. Katikati ya kelele hizo Emiliana akaandika kipimo, akamwonyesha Mwalimu saa kwanza, wakakubaliana wote wawili, akatuma. Jibu likarudi watu wakiwa bado wanacheza: kimekaa penyewe. Jiwe halipotei tena.

Watu wakapanga foleni kutazama kinukta. Wengine walitoka wamekata tamaa, eti kumbe kadogo hivi. Penina alitazama muda mrefu kuliko wote, kichwa kimeinama upande, kama anayemkagua mkwe.

"Na sasa kwa vile mnaijua njia yake," akauliza, "litapita tena lini?"

"Kwa makadirio ya leo, miaka minne hivi, shangazi. Labda mitano."

Mama akageuka, akautazama uwanja wake: viti vimebanana hadi kwenye banda la kuku, watu wamekaa kwenye ndoo, wengine ukutani, mmoja juu ya matofali.

"Minne inatosha," akasema. "Ukuta huu wa nyuma nitausogeza."