Pakacha la Kumi

Yustina alilisukuma pakacha la kumi kwa goti hadi nyuma ya mlango, lakini alikuwa amechelewa. Mzee Elifasi, mzee wa kanisa aliyetoka Chake Chake asubuhi ile kukusanya mafungu ya kumi, alikuwa amekwisha kuliona.

"Hilo ndilo la Bwana," alisema. "Uliliahidi mwenyewe."

Aliahidi kweli, na hapo ndipo alipojiponza. Wakati wa kuvuna, kila kisu chake kilipokata suke la mpunga lililojaa kuliko mengine, alilitia humo, maana Mungu hapewi makapi. Mapakacha tisa ya kula, moja la Mungu. Mpaka jana, alipopita Bi Mwatum, mwenye bonde alilomwazima kulima, akachungulia na kuuliza, "Na mbegu yako i wapi, mwanangu?" Masuke yote ya kufaa mbegu yalikuwa mle, katika pakacha la Mungu.

Sasa Bi Mwatum alikuwa kibarazani anachambua mchicha kwenye ungo, masikio yote yako ndani.

"Amri ni amri, dada," Mzee Elifasi alisema bila ukali. "Asiyetoa zaka anamwibia Mungu."

"Walawi walipewa zaka kwa kuwa hawakuwa na ardhi," Yustina alijibu. Shule hakusoma sana, lakini Biblia ameirudia mara tatu tangu afiwe na mumewe. "Na nani mwengine aliila? Mgeni, yatima na mjane. Mimi nimetoka Tabora na mume, nikamzika hapa Mtambile, na bonde ni la kuazima. Hebu niweke mwenyewe, mzee, niko upande gani."

Mzee alikuna kidevu. "Kwa hiyo hutoi?"

"Kwetu siye Waislamu," Bi Mwatum alidakia kutoka nje, "ntu asofika kiwango hatoi zaka. Hupewa."

Hilo lilimchoma kuliko maneno ya mzee. Apewe? Yeye aliyejaza mapakacha kumi kwa mikono yake miwili? Mwizi hakuwa, na ombaomba hakuwa. Aliinuka, akakokota pakacha la tisa, chakula chake cha karibu mwezi mzima, akaliweka miguuni pa mzee.

"Hili si fungu la kumi," alisema. "Natoa kwa kuwa nimependa. Ukifika kanisani uwaambie hivyo hivyo."

Mzee Elifasi alilitazama pakacha, kisha akamtazama yeye. "Nitawaambia," alisema, akajitwika begani na kushika njia.

"Na mwezi huo utakula nini?" aliuliza Bi Mwatum.

"Nitakuja kula kwako."

Bi Mwatum alicheka hadi mchicha ukamwagika.

Yustina alilifungua pakacha la kumi. Akayafunga masuke ya mbegu vicha vicha, akavitundika juu ya meko, moshi unapopita, wadudu wasije wakavigusa. Kimoja alikibakisha. Alitoka nacho nje, akakilaza kwenye ungo wa Bi Mwatum, juu ya mchicha, akarudi ndani kuwasha moto.