Bakuli la Kumi na Mbili

Lorna ndiye aliyeniambia kwanza, Lorna katibu wa kikundi chetu cha wachongaji, yeye aliwahi kusafiri na vinyago akarudi na koti refu ambalo hulivaa hata jua likiwaka, alinishika mkono akasema huko utakula mara tisa na hutashiba, watakuletea kitu kidogo kama ukucha, waondoe sahani, walete kingine, usicheke na usiulize chakula chenyewe kiko wapi, nami nikadhani ananitania, lakini sasa tunangoja cha nne na kweli sijashiba, kwanza lilikuja jani moja juu ya kijiko, halafu kipande cha kiazi chembamba hata mwanga unapita, halafu kile kitu cha baharini ndani ya gamba lake ambacho shemeji yangu Mogire alikitazama akasema kwa lugha yetu, bila kugeuza uso, "Mama Bochaberi, hiki Mambo ya Walawi inakijua vizuri," tukakisukuma kando wote wawili, na Annelies mwenye hoteli akatuona akamwambia mhudumu neno, mhudumu akainama kama aliyekosa ni yeye... Kile kiazi kilikuwa kitamu, nisiseme uongo, kilikuwa kitamu hata nikaona haya, mtu anakaa mbali namna hii, Ubelgiji, anafumba macho kwa sababu ya kiazi, na mtoto wake amelala kwa nyanya yake kule Tabaka bila kujua mama yake anakula nini. Dirishani jua bado lipo, saa mbili unusu za jioni na jua bado lipo, huku wakati huu wa mwaka jua halina haraka ya kwenda, Bochaberi angekataa kulala, angesema mama, bado ni mchana, na ningemjibu nini. Mikono yangu haina kazi, nimeikunja juu ya kitambaa cheupe, kucha zangu zina ule unga wa jiwe ambao hautoki hata kwa ndimu, nikiwa na watu wengi mikono yangu hutafuta kitu cha kusugua, nimesugua mawe tangu nilipomaliza darasa la nane, wanaume huchonga na sisi wanawake tunasugua kwa msasa ndani ya karai la maji, mpaka jiwe liwe laini kama shavu la mtoto, hiyo ndiyo kazi ninayoijua, kuongea sijui, lakini Annelies aliyenunua mabakuli yetu alipokiambia kikundi kitume watu wawili kuja kuyaona yanavyotumika, kilinichagua mimi, kwa sababu ya marehemu, walisema, mjane wa Onyiego ndiye anayestahili... na Mogire ndugu yake mkubwa, kwa sababu anajua Kiingereza. "Sasa huyu mpishi," Mogire anasema, "mbona anatuonjesha tu kama mtoto anayeachishwa ziwa? Ugali utakuja wa ngapi?" na mimi nikajibu kabla sijafikiri, "Wa kumi, shemeji, ule wa kupeleka nyumbani," akacheka, Mogire akacheka mabega yakatikisika, ni muda mrefu sijasikia kicheko hicho, ni miaka miwili, na nikaogopa, kwa sababu kila anapokuwa mwema kwangu kuna kitu kifuani mwangu kinageuka upande kama jiwe kwenye karai. Annelies amesimama. Anaongea polepole, mkono mmoja kifuani, watu tisa ambao majina yao niliambiwa yakapita wamegeuka kunitazama mimi, Mogire ananitafsiria sikioni, anasema mabakuli yanayokuja yalichongwa na mkono mmoja, mabakuli kumi na mawili, mkono wa mume wako, anasema ni heshima kwake leo ule kutoka... na wahudumu wanaingia wakiwa na mabakuli, na nayajua kabla hayajafika mezani, yale ya rangi ya waridi yenye wingu la kijivu, mkunjo wa mdomo wake ule wa Onyiego, hakuna mwingine aliyeukunja mdomo wa bakuli ndani kidogo hivyo, alisema ni kwa ajili ya uji usimwagike mtoto akishika, nilimwambia Wazungu hawanywi uji, akasema watajifunza. Mhudumu ameniwekea langu. Anamimina kutoka kwenye birika supu ya kijani, inatoa moshi, watu wanasema aaa, na mimi nimeshika bakuli kwa mikono miwili kama tunavyoshika nyumbani, vidole vikalizunguka vyenyewe, havikuniuliza, vikafika upande wa kushoto chini ya mdomo vikasimama. Hapo. Jicho halioni kitu hapo, lakini kidole cha mtu anayesugua kinajua, jiwe likipata moto huwa kama linapumua, gundi haipumui, hapo pana ukimya wa ukubwa wa jani la chai... katika kumi na mawili, hili lililoungwa ndilo limenifikia mimi. Ilikuwa Ijumaa, Aprili, kumi na moja yalikuwa tayari, nimeyapanga juu ya gunia, na hili nililisugua mwisho kwa sababu ndilo lililonipendeza, nilitaka kulimaliza kabla jua halijazama, Sabato isije ikatukuta na kazi mkononi, Bochaberi alikuwa na miaka miwili akavuta leso yangu, mama, mama, nikageuka, mikono imejaa maji na unga, likateleza, halikuanguka mbali, lilianguka ukingoni mwa karai tu, likatoa sauti ndogo, tk, kama mtu anayemaka, na kipande kikatoka. Onyiego alikuwa nyuma ya nyumba, akaita, "Nini hiyo?" na mimi nikasema, "Lina mshipa." Maneno mawili. Wanawake wote wa Tabaka huyasema, kitu kikivunjika mkononi unasema kina mshipa, ufa wa ndani kwa ndani, ni jiwe, si mimi, hakuna anayeuliza zaidi, mama yangu aliyasema, nyanya yangu aliyasema, na Onyiego hakuwa mtu wa kugomba, hilo ndilo linaloniua, ningemwambia nimeliangusha angecheka, angesema mikono yako inanikumbuka mpaka inasahau kazi, angesema kitu kama hicho, lakini ilikuwa kazi kubwa ya kwanza niliyoaminiwa na mama mkwe alikuwa amesimama pale mlangoni anatazama, nikaona haya, nikasema lina mshipa. Nami nilijua sheria ya jiwe kama ninavyojua jina langu, bakuli likivunjika kwa kuanguka unakata lingine kutoka jiwe lile lile, na jiwe lile lile lilikuwepo, nusu nzima, nyuma ya jikoni chini ya migomba, hatua kumi, lakini bakuli likiwa na mshipa jiwe lote ni la kushukiwa, hulikati tena, unashuka shimoni kutafuta jiwe jipya. Mvua ilinyesha Sabato yote. Jumapili asubuhi Onyiego akachukua sururu, gari la kuja kuchukua mizigo lilikuwa la Jumatatu, akasema nitarudi kabla uji haujapoa, na nilimwona akipita kando ya lile jiwe nyuma ya jikoni, akalipiga teke kidogo hivi, akasema, "Na wewe, ulimdanganya mpaka Mogire," nami nilikuwa nimeshika mwiko, mdomo ulifunguka, ulifunguka kabisa, na uji ukachemka nikageukia uji... Ukuta wa shimo ulikuwa umelewa maji, ukamwangukia. Walimtoa saa nane. "Kunywa," Mogire anasema, "wanakungoja wewe kwanza," na kweli wote wameshika vijiko wananingoja, nimechota kidogo, na supu ni tamu halafu mwishoni ina uchungu, uchungu ule wa chinsaga, mboga yetu ya nyumbani, iliyochemshwa mara mbili ikawekwa maziwa, sikuutegemea huku, umenishuka kooni mpaka machozi yakaja, na Annelies anaona machozi, anaweka mkono kifuani tena, anadhani ni kwa ajili ya marehemu, na ni kwa ajili yake, lakini si vile anavyodhani. Ulimdanganya mpaka Mogire. Kwa sababu ni Mogire aliyelichagua lile jiwe, Mogire ndiye aliyekuwa na sikio, Tabaka nzima walimwita awagongee mawe, aligonga kwa kifundo cha kidole mara mbili, akainamisha kichwa, akasema hili zima, hili bovu, hakukosea hata mara moja, watu wa Marani walikuja kumwona akigonga kama wanaokuja kuona mchezo, na siku ya matanga alisimama mbele ya watu wote akasema ni mimi, jiwe langu bovu ndilo lililompeleka ndugu yangu shimoni, na nilikuwa nimekaa chini nimefunikwa leso kichwani, nikasikia, nikanyamaza, na tangu siku ile hajagonga jiwe tena, anafunga mizigo tu, anafunika vinyago kwa majani makavu ya migomba kama anayewafunika watoto, na vijana wakimletea jiwe anasema pelekeni kwa mwingine, sikio langu liliharibika. Lile jiwe nyuma ya jikoni hakubali liguswe. Bochaberi hulikalia akichezea wanasesere wake wa magunzi ya mahindi, Mogire akimwona humnyanyua kimya akamweka chini mahali pengine. Kile kipande alikiunga mwenyewe wiki ya mazishi, gari lilipokubali kutungoja, kwa gundi na unga wa jiwe, ili yatimie kumi na mawili, ili kazi ya ndugu yake isiende pungufu... na sasa ananiinamia, sauti ya chini, kicheko kimekwisha, "Mama Bochaberi, hilo ni lile nililounga. Nimeliona. Supu ni moto, gundi itaachia. Nipe." Nikasema, "Acha tu, shemeji." "Nipe, nakuambia. Likiachia, liachie kwangu. Jiwe bovu ni langu, si lako," na mkono wake ukavuta langu taratibu, ukasukuma lake mbele yangu, haraka kama mtu anayempa mtoto kipande kikubwa bila wengine kuona, na mimi nikaachia. Nimeachia. Mara ya pili nimeachia. Sasa nina bakuli zima mbele yangu, na yeye anakunywa haraka, anachoma ulimi ili liishe upesi, na naona tone la kijani likitoka pale chini ya mdomo, moja, likashuka polepole, likafuatwa na jingine, na Annelies anamwuliza kitu kutoka upande ule, anatabasamu, na Mogire anajibu kwa Kiingereza, anatabasamu pia, na mkono wake wa kushoto umelikumbatia bakuli, ameweka kiganja pale kwenye ufa, kiganja wazi juu ya jiwe la moto, na jiwe letu ni jiwe la kutunza moto, najua linavyochoma, naona mshipa wa shingo yake umesimama, hatoi mkono, anaeleza habari za mawe, anasema mawe ya kwetu yana rangi hizi na hizi, na kiganja hakitoki. Kwa ajili ya nani unashika, Mogire, kwa ajili ya nani unaungua... kwa ajili ya maneno yangu mawili. Nilidhani siku zote kwamba nimemnyima Onyiego ukweli, na Onyiego amelala, haumhitaji tena, nikalia kwa ajili hiyo miaka miwili kanisani na shambani, na sikuwahi kulia kwa ajili ya huyu aliye hai anayekaa karibu yangu bila sikio lake, nililichukua mimi, nimekaa nalo, ninakula nalo mara tisa. Mhudumu amekuja kuondoa mabakuli, Mogire anamwashiria bado, bado kidogo, kama anayefurahia, Annelies anacheka anasema kitu, pengine anasema mgeni wetu ameipenda, na jua liko pale pale dirishani, halijashuka hata kidole, na cha tano hakijaja.

Asubuhi yake nilishuka mapema, nikamkuta Mogire peke yake mbele ya chai, kiganja amekifunga leso, nikavuta kiti nikakaa, mimi ambaye husimama mpaka niambiwe kaa, nikamwambia kwa lugha yetu, shemeji, lile jiwe halikuwa na mshipa, uliligonga ukasikia sawasawa, ni mikono yangu iliyoteleza.