Mguu Usiofunguliwa

Kila asubuhi saa mbili na nusu, chumba namba tatu kilinyamaza kwanza, kisha kikapiga kelele. Ukimya uliingia pale magurudumu ya kigari cha Henriette yaliposikika ukumbini. Kelele zilifuata alipoanza kubandua shashi zilizogandamana na vidonda. Wagonjwa wa hospitali ile ndogo ya Likasi walimwita Mama Pansement, yaani mama wa bandeji, naye akaitika, maana kwa miaka ishirini na tisa hakujua kazi nyingine: kufungua vidonda, kuviosha, kuvifunga, na kesho yake kuvifungua tena. Alikuwa amechoka. Uchovu wa miguu ungeisha kwa usingizi wa Jumapili, lakini huu wake ulikuwa wa kuwa mtu ambaye watu wazima wakimwona tu wanatafuta pembe ya shuka ya kung'ata.

Symphorien ndiye aliyelala kitanda cha dirishani. Alikuwa mtu wa Kakontwe, mbeba mapipa katika kiwanda cha kusafishia shaba, mpaka siku pipa la asidi lilipomponyoka mikononi na asidi ikamla miguu yote miwili chini ya magoti. Daktari hakumficha: vidonda visipoanza kujifunga kabla mwezi haujaisha, atapelekwa Lubumbashi akachunwe ngozi ya mapaja kuzibia miguu. Symphorien aliyasikia hayo akageukia ukutani. Mkewe, Kabedi, ndiye aliyeuliza maswali.

Ndipo akaja Gaëlle, binti mtafiti mwenye miwani mikubwa, na bahasha yenye tando mbili nyembamba, angavu, laini kama utando unaotanda juu ya uji uliopoa.

"Inatoka ku muhogo," alieleza, "na ku maganda ya vinkubala."

Vinkubala ni viwavi, walewale wa kitoweo ambao akina mama wa sokoni huwapima kwa kopo. Symphorien, mlaji wa bukari, yaani ugali wa muhogo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

"Kumbe munaniwekea bukari na mboga yake ku miguu!"

"Njo vile, papa. Iko nafunika kidonda, na ngozi ya mupya inaota chini yake." Akamgeukia Henriette. "Mama, kintu moja tu: haifunguliwe. Siku kumi na mbili. Ata itoe maji, ata igeuke rangi, uiache."

"Siku kumi na mbili! Na minye nitafanya nini?"

"Utapumuzika, mama."

Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo ndani ya kazi. Henriette alijaribu kulifurahia, likamkataa.

Sababu aliijua. Zamani, akiwa bado msichana mgeni kazini, aliwahi kumwacha mgonjwa mmoja aitwaye Isidore na bandeji yake siku nne za Pasaka, kwa kuwa kidonda kilionekana kizuri na kila mtu alitaka kwenda kanisani. Alipokifungua, mguu ulikuwa umekwisha kuoza mpaka mfupani. Isidore alikatwa mguu, na mpaka anakufa aliendelea kumwamkia kwa heshima walipokutana njiani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo Henriette hakupata kulipa jua nafasi ya kuchwa mara mbili juu ya kidonda ambacho hajakiona kwa macho yake.

Siku ya kwanza baada ya tando kubandikwa, mmoja kila mguu, alisimama mbele ya Symphorien na kigari chake, akageuka, akaenda kupanga mikasi ambayo ilikuwa imepangwa. Siku ya pili na ya tatu vilevile. Siku ya nne, chini ya utando wa mguu wa kushoto kulitunga maji ya manjano, na Kabedi alikuwa akimngoja mlangoni, pua ameikunja.

"Mama, nusa. Muhogo inaoza. Shiye tukiloweka muhogo ku maji siku tatu, siku ine, harufu njo hii."

Henriette aliinama, akanusa. Kweli, kulikuwa na ukali wa maji ya muhogo. Alimpigia Gaëlle simu, haikupatikana. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Naye Symphorien alikuwa akimtazama kwa yale macho ya kuomba na kuogopa kwa pamoja, macho ya Isidore.

"Fungula, mama," Kabedi akasema. "Weye njo unajua."

Mkono ukatangulia akili. Aliingiza kibano pembeni mwa utando, akavuta. Symphorien akang'ata shuka. Maji yakamwagika, mepesi, hayana usaha. Utando ulipotoka haukutoka peke yake: ulikuwa umeshika ngozi changa, ya waridi, iliyokuwa imeanza kutambaa kutoka kingoni. Nyama ikabaki wazi, ikaanza kutoa damu, kama ilivyokuwa siku ile ya pipa.

"Ilikuwa iko uchafu?" Kabedi akauliza.

"Ndiyo. Niliitosha, imetoka yote," akasema Henriette.

Uongo ulimtoka mwepesi kiasi kwamba yeye mwenyewe aliusikia baadaye, kama mtu anayesikia mlango ukijifunga nyuma yake.

"Aksanti, mama," Symphorien akanong'ona, jasho likimtiririka. "Aksanti sana."

"Basi fungula na ule mwingine," Kabedi akasema.

"Kesho."

Alirudi nyumbani kwa miguu kando ya reli, magari ya shaba yakimpita na vumbi lake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilimaliza urefu wake palepale alipoitwa aufungue mguu wa pili. Akiufungua, jina lake litasimama na ngozi ya Symphorien itaanguka. Akikataa, ataulizwa sababu, na sababu ni moja tu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kosa la mkono, kwani mkono ulifanya ulivyofunzwa na mguu wa Isidore. Kilichomuuma ni ile aksanti.

Asubuhi alikuta shuka limekwisha kukunjwa, mguu wa kulia uko wazi unangoja, na Symphorien ameng'ata kitambaa tayari.

"Papa Symphorien, tosha kile kitambaa mu kinywa."

Akakitoa.

"Jana nilisema bongo, nilikudanganya. Mu muguu wa kushoto haikukuwa uchafu. Ilikuwa ngozi ya mupya. Minye njo niliipasula."

Kabedi aliweka beseni chini. "Weye, Mama Pansement? Na miaka yako yote ile?"

"Miaka njo ilinidanganya."

Symphorien alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka kando ya mto.

"Na minye nilikupatia aksanti," akasema hatimaye.

"Ndiyo, papa."

"Na huu mwingine?"

"Tuuache."

"Na ukioza? Utajua namna gani?"

"Sijue. Nitakuwa naogopa pamoja na weye."

Symphorien alilaza kiganja juu ya mguu wa kulia, pole, kama anayefunika chungu kisiingie majivu. Na tangu siku hiyo kila saa mbili na nusu Henriette alikuja kufungua mguu wa kushoto, uliorudi kwenye shashi na vilio, naye Symphorien alilia huku kiganja chake kimelinda ule wa kulia. Maji ya manjano yalitunga hata huko, harufu ikaja, Henriette akavumilia na mikono ndani ya mifuko ya koti. Kabedi hakumwita tena mama. Alimwambia "bonjour," akageuza uso.

Siku ya kumi na mbili Gaëlle alirudi na jagi la maji ya uvuguvugu. Aliyamimina taratibu, na kilichosalia cha utando kikayeyuka na kwenda zake bila kuvutwa na mtu. Chini yake palikuwa na ngozi: nyembamba, inang'aa, imekunjamana kidogo, lakini ngozi. Wa kushoto daktari alikwisha kuuandikia barua ya Lubumbashi.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Kabedi alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Inzi mmoja akaingia dirishani, akazunguka, akatua juu ya mguu wa kulia, nao wote wanne wakamtazama wasithubutu kupumua.

"Iko nanitekenya," Symphorien akanong'ona. "Niko namusikia."

Inzi akatembea juu ya ngozi mpya, akasimama, akasugua miguu yake. Hakupata kitu. Akaruka, akatua juu ya bandeji ya mguu wa kushoto.

Henriette akavuta kiti, akaketi upande huo, akamfukuza kwa mkono. Inzi akarudi. Akamfukuza tena.