Kahawa Baridi kwa Wakwe

Kageha alianza kupiga kahawa saa saba mchana, wakwe wakitazamiwa saa nane, na asije mtu akaniambia saa nzima ni nyingi kwa glasi tano. Kahawa ya kupigwa si ya kukoroga. Unatia kwenye bakuli kahawa ile ya kuyeyuka, sukari kiasi hicho hicho, maji matone tu, halafu unapiga kwa kijiko. Unapiga mpaka bega linakuuliza una wazimu gani. Mwanzo ni tope jeusi, usikate tamaa. Halafu linageuka hudhurungi, linafura, linaanza kung'aa, na ukiliinua kwa kijiko linakaa pale pale bila kudondoka. Hapo ndipo unapomimina maziwa baridi kwenye glasi, vipande viwili vitatu vya barafu, na povu lako juu.

Ufundi huo aliutoa Ngara, kwa Mhindi aliyemfanyia kazi miaka kumi na mmoja. Watu hao walipohamia ng'ambo walimwachia friji kuukuu, na friji hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya chumba chake pale Kaloleni, Nairobi. Majirani waliijua kwa mngurumo wake.

Lakini siku hiyo hakuwa akipiga kahawa kwa fahari. Lorine, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi minne. Waliojua ni watatu tu: Lorine, mama yake, na Griffins, kijana wa mtaa wa Lucky Summer aliyehusika. Griffins hakuikana, Mungu ambariki. Alitaka kuoa, tena upesi, kabla tumbo halijamtangulia bibi harusi kanisani. Ila kijana huyo alilelewa na senge yake, yaani dada ya marehemu baba yake, na kwao neno la senge ndilo lilikuwa la mwisho. Senge akikubali leo, harusi ni kabla ya Pasaka. Akikataa, Lorine atazaa kwa mama yake, chumba hiki hiki, na estate nzima itahesabu miezi kwa vidole.

Basi kila kitu kilipangwa. Griffins mwenyewe ndiye aliyeomba senge yake aonjeshwe ile kahawa, maana kitu kama hicho hajawahi kukiona. Kuku walikuwa wawili, wakitokota kwa jirani, Shamis, pamoja na jiko lenyewe la makaa, ili wageni wasiokwe na joto la Februari ndani ya chumba kimoja. Saa tisa Shamis angewaleta. Kageha akaona amepanga kuliko serikali.

Jambo moja tu: yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuonekana. Wakwe walikuwa Wabukusu, na senge alikuwa Mbukusu wa zamani hasa. Kwake yeye, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani uso kwa uso kabla ya mila ya kuwafungulia kufanywa. Wakitazamana, mazungumzo yamevunjika. Kageha alikuwa Mmaragoli, amekulia miiko ya namna hiyo, kwa hiyo hakubisha. Shemeji yake Mulama, mstaafu wa reli, ndiye angeongea kwa niaba ya marehemu ndugu yake. Kageha akaingia nyuma ya pazia lililokata chumba katikati, yeye na kitanda na friji, akatulia kama maji mtungini.

Wageni walifika saa nane kamili: senge, mzee Wekulo aliyekuwa msemaji wao, na Griffins. Senge na Wekulo wakaketishwa kwenye kochi lililopakana na pazia, hata Kageha angetaka angewapapasa mgongo. Lorine akapiga magoti, akagawa glasi. Alipotaka kuondoka senge akamwambia aketi hapo karibu yake, amtazame vizuri. Mjumbe wa pekee wa Kageha akawa amenaswa.

Griffins alikunywa yake yote, akalamba mdomo, akasema iko fiti sana. Mulama naye akamaliza, akaanza hadithi ya gari moshi lililokwama Voi siku mbili. Lakini kwenye kochi hakuna aliyekunywa. Kageha alisikia barafu ikigonga glasi senge alipoirudisha mezani. Kisha akamsikia akimnong'oneza Wekulo kwa Kibukusu, na Kibukusu alikielewa vya kutosha.

"Hawakuwasha moto," senge alisema. "Tumepewa barafu."

Wekulo akajibu kwamba pengine ndiyo desturi ya mjini. Senge akamwambia mjini yeye mwenyewe amekaa miaka thelathini. Kwao, mkwe anayekuja mara ya kwanza huwashiwa moto, akapewa kitu cha moto mkononi, hata kama ni maji matupu, na nyumba inayompa cha baridi imemwambia arudi alikotoka. Hebu atazame, jiko lenyewe halipo hata kwenye kona. Watu hawa hawatutaki, akasema, tumalize kwa heshima twende zetu.

Maskini Kageha! Akajikalisha kitandani. Desturi hiyo hakuwahi kuisikia maishani mwake. Griffins naye, mzaliwa wa Nairobi, angeijulia wapi? Kuku wawili walikuwa wanaiva hatua kumi kutoka pale, na mwenye kuku hana mdomo wa kusema. Kuita asingeweza, kwani sauti ya mama mkwe kupita juu ya vichwa vya wakwe ni aibu nyingine. Akakohoa ili Mulama ageuke. Mulama akadhani ni kikohozi, akapandisha sauti. Akakohoa tena. Lorine akainua kichwa, senge akamshika mkono akamuuliza anasali kanisa gani. Mlango ulikuwa mmoja, upande wa wageni, na dirisha la nyuma lilikuwa la vyuma. Jamani, unasikia ndoa ya mwanao ikifa shubiri moja kutoka sikioni mwako, na unachoweza ni kukohoa.

Ndipo alipoikumbuka stovu ya mafuta ya taa iliyokuwa chini ya kitanda. Akaitikisa, mafuta yalikuwa ya kulowesha utambi tu. Njiti ya kwanza ikazimika, ya pili ikavunjika, ya tatu ikashika. Akatia maziwa kwenye sufuria ndogo, akakwangua povu lililobaki kwenye bakuli, akalitumbukiza lote humo. Povu lililommaliza mkono likayeyuka mara moja, likawa kahawa ya maziwa ya kawaida tu. Hakujali. Moshi ukamwingia machoni, akalia, na si machozi yote yaliyokuwa ya moshi.

Upande wa pili Wekulo alishaanza kuaga kwa kuzunguka, mara safari ni ndefu, mara jua nalo. Kageha akamimina kikombe kimoja. Sasa kipelekwe na nani? Akapiga magoti, akainua upindo wa pazia pembeni mwa kochi, kiasi cha kiganja, akakisukuma kikombe sakafuni kuelekea miguu ya senge. Mkono si uso, alijiambia. Mwiko wa mkono haupo.

Gari moshi la Mulama likabaki Voi. Kageha alisikia kochi likilia senge alipoinama. Akamsikia akivuta pumzi juu ya ule mvuke. Kisha akasikia, Mungu wangu, kicheko kidogo cha kooni.

"Kumbe moto upo," senge akasema.

Hapo yangetosha. Haki ya Mungu, yangetosha.

Lakini kikombe kilikuwa kimejaa pomoni, na mkono ule uliopiga kahawa saa nzima ulikuwa bado umekishika, umechoka. Kikombe kikainama. Kahawa ya moto ikammwagikia vidoleni, na sauti ikamtoka, ndogo tu, kabla hajaizuia. Griffins alikuwa kijana mwema, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliona mkono wa mama mtu mzima unaungua sakafuni na watu wamekaa wanautazama. Akaruka. Kwa mkono mmoja akashika kikombe, na kwa mwingine akavuta pazia ili amwinue.

"Pole, Mama," akasema, amemtazama machoni.

Kageha alifumba macho, lakini alikuwa ameshaonwa na ameshaona. Senge hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa leso, akasimama, akatoka nje bila kugusa kitu. Wekulo akamfuata akimwomba Mulama radhi kwa sauti ya matangani, akisema hapakuwa na mkosaji, ila mambo hayo yana wenyewe huko nyumbani, yataangaliwa. Griffins aliongozwa kwa mkono kama mtoto. Mlangoni alitaka kugeuka, Wekulo akamzuia, maana huko kungekuwa kuvunja mwiko mara ya pili.

Mulama alibaki ameketi, kofia magotini, hadithi zote zimemwishia. Kageha akatoka nyuma ya pazia, vidole vyekundu, akamkuta Lorine pale pale kwenye kochi, mikono juu ya tumbo. Msichana hakuwa akilia. Alikuwa akiutazama mlango.

"Mama," akasema, "wewe ulikuwa karibu nao. Ulisikia wakisema watarudi lini?"

Kageha akaketi kando yake. Alasiri ile alikuwa amesikia kila neno lililosemwa kwenye kochi lile, hata yale ya kunong'ona, na hilo hakulisikia.