Majina Sita ya Nyapara

Twiga alikuwa amekata waya wa simu tena, upande wa Ringwani. Stanslaus Mogesi na watu wake walikuwa ndiyo kwanza wamerudi kutoka kuufunga, wamechoka, vumbi hadi kwenye kope, na bado wanacheka jinsi yule mnyama alivyosimama kando kuwatazama wakifanya kazi, mithili ya mwenye mali. Hapo lori la kampuni likaingia kambini Kisaka, siku ambayo halikutarajiwa.

Aliyeshuka ni Method, karani wa kampuni kutoka Musoma. Hakusalimia kwa mzaha kama kawaida yake. Alimshika Stanslaus mkono, akamvuta hadi nyuma ya lori.

"Nyapara, wakubwa wamesema matumizi yamezidi. Wanapunguza watu kila kambi. Huku watabaki watatu, wewe na wengine wawili. Kazi nyingine itafanywa na gari litakalokuwa linapita kukagua."

"Na hao wengine?"

"Nitakuja Jumamosi kuwachukua. Majina ya watakaoondoka utanitajia wewe. Sita."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayewajua," alisema Method, akitazama viatu vyake. "Mimi wangenipa kazi ya kuchagua, ningechagua kwa kufumba macho."

Kampuni ile ilikuwa kubwa. Nyaya zake zilitoka pwani zikapanda hadi nchi ya ziwa, na wakubwa wake walikaa mbali kiasi kwamba pale kambini hapakuwa na aliyewahi kuwatia machoni. Lakini Stanslaus hakuwa na kinyongo nayo. Ilimchukua kijana kutoka kwao Tarime, ikamfundisha kupanda nguzo, ikamfanya nyapara wa watu wanane. Watu hao wanane walikuwa wamelala naye kwenye mvua, wamekimbizwa naye na nyuki, wamekula naye sahani moja. Sasa awachambue kama mbegu.

Siku mbili alizunguka na lile jambo kifuani. Aliwatazama watu wake wakinyoosha nguzo, akaona kila mmoja ana haki ya kubaki. Alipokaa kula, aliisukuma sahani kando. Mwanamke aliyewapikia, Mokami, mjane Mngoreme wa pale pale Kisaka, ndiye aliyeona kwanza. Watu wote kambini walimwita Mama Rhobi, kwa jina la binti yake aliyekwisha kuolewa.

"Nyapara, chakula changu kimekukosea nini?" aliuliza, akiinua sahani ambayo haikuguswa.

Stanslaus akamweleza. Hakuwa amepanga kumweleza mtu, lakini Mokami alikuwa na namna ya kusubiri, mwiko mkononi, mpaka maneno yanatoka yenyewe.

"Na wenyewe wanasemaje?" aliuliza alipomaliza.

"Sijawaambia."

"Kwa hiyo unawachagulia watu wazima pa kwenda, kimyakimya, kama unapanga ndama zizini?"

"Nikiwaambia watavunjika moyo, Mama Rhobi."

"Wavunjike wakiwa wanajua." Akageukia jiko lake. "Jioni hii nitapika mapema. Uwaambie wakiwa wameshiba. Njaa na habari mbaya havikai chungu kimoja."

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya vilima, Stanslaus alisimama mbele ya watu wake na kusema yote, bila kuficha. Waya ulikuwa ukivuma juu yao kwa upepo.

Machage, kijana aliyekuwa mwepesi wa hasira, ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo siku mbili hizi umekuwa ukituangalia usoni kama mnunuzi wa mbuzi mnadani?"

"Ndiyo," alisema Stanslaus. "Na nimeona vibaya. Ndiyo maana nawauliza sasa."

Machage alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa jibu lile. Akaketi.

Kisha mzee Waitara akakohoa. Huyu alikuwa mkubwa kuliko wote, mpiga litungu, kinubi cha kwao, pale kambini, na nguzo za njia ile nyingi zilisimamishwa kwa mikono yake. "Mimi nina neno," alisema, "na naomba asicheke mtu. Tangu siku ya wale nyuki, nikifika katikati ya nguzo magoti yanagongana. Siwezi tena, niacheni niende. Heche ndiye amekuwa akinipandia zamu yangu, mkiwa hamtazami."

Wote wakamgeukia Heche, mrefu, mwembamba, hodari wa kupanda kuliko wote.

"Na mimi nimechoka kupanda zamu mbili," alisema Heche taratibu.

Hapo mtu mmoja alicheka puani, na mwingine, na mwisho mzee Waitara mwenyewe alicheka hadi akafuta macho. Kile kicheko kiliwafungua. Heche akasema kwamba, mbali na zamu za mzee, yeye pia ana lake. Chini ya kitanda chake kulikuwa na cherehani, na nusu ya suruali za kambi alikuwa ameshazishona yeye. Alitaka kwenda Kewanja, kwa wachekechaji wa dhahabu.

"Mtu anayepiga magoti mtoni kutwa nzima, suruali yake haifiki mwezi," alisema. "Huko sitakosa kazi. Nilikuwa naogopa kukuaga, Nyapara. Nilidhani utaona nimekukimbia."

Ndugu wawili kutoka Nata wakatazamana, kisha mkubwa wao akasema baba yao amepanda pamba kuliko anavyoweza kuvuna, na kila mara anatuma salamu kuwauliza kama wamemsahau. Kijana wa Sirari akasema ana mjomba mwenye duka mpakani anayetafuta mtu wa kumwamini. Simioni, kwa upande wake, alisema hataki kwenda popote. Kazi hii anaipenda, akilala bila kusikia ule mvumo wa waya huota ndoto mbaya. Machage alisema mchumba wake bado yuko kwao, na ng'ombe wa mahari hawajatimia, kwa hiyo wakimwondoa kazini watakuwa wamemwondolea na huyo mchumba. Wakacheka tena, naye akacheka, hasira yote imemtoka.

Waliotaka kuondoka walikuwa watano. Akabaki mmoja. Kornelio, mtu mkimya aliyekaa pembeni, akasema, "Mimi naweza kwenda," akaishia hapo.

Watu walishusha pumzi. Hesabu ilikuwa imetimia, na hakuna aliyesukumwa. Mmoja alikuwa ameshaanza kumpiga Stanslaus begani. Lakini Stanslaus alikuwa anamtazama Kornelio. Wengine wote walikuwa wametoa sababu, na waliposema nyuso zao zilichangamka. Kornelio hakutoa sababu yoyote. Alikuwa anasugua goti lake kwa kiganja, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Kornelio," alisema Stanslaus, "ukiondoka hapa utakwenda kufanya nini?"

"Nitaona."

"Watoto wako wawili si wapo shule ya misheni?"

"Wapo."

"Na shamba?"

"Shamba tulilogawana ndugu ni dogo." Kornelio akainua macho. "Lakini mtu wa sita anahitajika, Nyapara. Nimeona bora niwe mimi kuliko watu kuanza kutazamana vibaya."

Stanslaus alipokuwa anawasikiliza wakisema shamba, pamba, duka na cherehani, alikuwa amewaonea wivu. Ndiyo kwanza akakielewa kile alichokuwa anakihisi. Karibu miaka yake yote ya utu uzima alikuwa amehamisha hema. Alijua kila nguzo kutoka ziwani hadi kule porini, na hakuwa na mlango hata mmoja ambao angeweza kuuita wake.

"Wewe utabaki," alimwambia Kornelio. "Mtu wa sita ni mimi. Unyapara achukue Simioni, maana ndiye asiyeweza kulala bila waya."

Ilizuka kelele. Walimkatalia, wakambishia, Machage akasimama kabisa. Stanslaus aliwaacha waseme mpaka walipochoka. Kisha akasema tu kwamba hawafanyii hisani. Yeye pia ana pa kwenda, au anatumaini anapo. Aliposema hivyo alichungulia upande wa jikoni bila kukusudia. Mzee Waitara, ambaye miguu ilikuwa imemkataa lakini macho bado, alichungulia upande ule ule. Akavuta litungu lake na kuanza kupiga.

Mokami alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Stanslaus alimfuata jikoni, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Nimeacha kazi," alisema.

"Nimesikia. Na watu wa kijijini wamesikia, kwa kelele zile."

"Mokami."

Mkono wake ukasimama ndani ya sufuria. Stanslaus hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Miaka hii nimeona vibaya kukuambia lolote," alisema Stanslaus. "Mwanamume wa kambini leo yupo, kesho lori limembeba. Nisingekuambia neno halafu nikuache nalo. Sasa lori linakuja, na mimi sitapanda. Mke wangu alifariki nikiwa kijana, sikupata mtoto, wala sina mtu anayeningojea Tarime isipokuwa mama yangu. Kama ungekubali, ningebaki hapa Kisaka. Ningelima."

Mokami alimtazama viganja. "Hivi ni viganja vya waya. Jembe la ng'ombe umewahi kulishika?"

"Nikiwa mtoto."

"Ng'ombe wangu ni wakaidi."

"Nitafundishwa."

"Na nani?"

"Nilikuwa namtegemea mwenye ng'ombe."

Mokami akarudi kwenye sufuria yake, lakini haikuwa na uchafu tena, na wote wawili waliona hivyo. Mwishowe akasema, bila kuinua uso, "Jumapili baada ya ibada uje umsalimie kaka yangu Benedicto. Mambo haya yana wenyewe. Na usije na hiyo suruali ya kampuni. Mwambie Heche akushonee nyingine."

Heche alishona usiku kucha, na bei yake ilikuwa kuambiwa habari yote tangu mwanzo.

Jumamosi adhuhuri lori lilirudi. Method alikuwa amevaa tai, na pembeni yake ameketi askari mwenye rungu. Kutoka mbali walisikia kelele, wakaona moshi, na watu wanarukaruka. Askari akashika rungu lake sawasawa. Lori liliposimama, waliona kwamba moshi ule ulikuwa wa kuchoma mbuzi, na waliokuwa wanaruka walikuwa wanacheza. Mzee Waitara alikuwa kwenye kigoda, litungu mapajani, njuga mguuni, na nusu ya kijiji imemzunguka.

Method alishuka polepole. "Mnasherehekea nini?"

"Kupunguzwa kazi," alisema Machage.

Method alidhani anakejeliwa. Akatafuta uso wa nyapara kati ya watu, akampata, akamsogelea. "Nyapara, nipe majina niondoke. Sipendi hii kazi zaidi yako."

"La kwanza ni Stanslaus Mogesi," alisema Stanslaus.

"Hilo ni jina lako."

"Ndilo."

"Hukunielewa. Wewe unabaki."

"Nilikuelewa. Mimi naoa, Method. Nyapara wako ni huyu hapa, Simioni, na wenzake ni Machage na Kornelio. Wengine wote wameomba wenyewe. Waulize."

Method aliwauliza. Aliuliza mmoja mmoja, akingoja machozi au matusi, na kila mmoja alimjibu akiwa na mfupa mkononi. Alipomaliza alikaa kwenye ngazi ya lori, akalegeza tai.

"Kambi ya juzi walinifungulia mbwa," alisema. "Kabla ya hapo mama mmoja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo. Nilikuwa na hotuba ya kuwapa pole. Niliikariri njiani kote."

"Basi kula mbuzi kwanza," alisema Mokami, akimkabidhi sahani. "Hotuba utampa askari mkirudi."

Lakini askari naye alikuwa ameshaweka rungu chini na kuingia kwenye ngoma. Lori lile lililokuja kwa haraka lilikaa pale hadi jua likaanza kushuka. Wakati wa kuagana ndipo watu walipolia kidogo, maana hata mwenye furaha ya kwenda anakwenda mbali na wenzake. Kornelio alimshika Stanslaus mkono kwa mikono yake miwili, wala hakuuachia. Stanslaus akamwambia inatosha, amesikia.

Benedicto alimpokea vizuri Jumapili ile. Alimtazama juu hadi chini, akasifu suruali, kisha akamuuliza maswali magumu ya ukoo na ng'ombe hadi jua likazama. Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Mama yake Stanslaus alikuja kutoka Tarime, akakuta kwamba Kingoreme cha mkwe wake na Kikurya chake vinasikilizana, na tangu hapo wawili wale wakawa wanapiga soga ambazo Stanslaus hakukaribishwa.

Mvua zilipokaribia, Mokami aliita risaga, majirani wakaja kulima kwa zamu kama ilivyo kawaida ya huko. Stanslaus alishika jembe, ng'ombe wakaenda hatua chache, wakageuka wakamtazama, wakaamua kurudi nyumbani. Walimburuta hadi katikati ya shamba la jirani, suruali imejaa matope, huku akiwaita kwa majina yao yote. Majirani waliacha majembe, wakashika mbavu. Mokami ndiye aliyewafuata. Alimpita mumewe bila neno, akawapigia ng'ombe mluzi mmoja mfupi, nao wakatulia.

"Huo mluzi nifundishe," alisema Stanslaus, akihema.

"Kaza midomo," alisema Mokami. "Hapana, siyo hivyo. Tazama."

Akajaribu. Ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena, na mkewe, ambaye alikuwa amejitahidi sana kubaki na uso wa mwalimu, alishindwa, akaketi juu ya udongo mbichi akicheka. Wingu lilikuwa linapanda upande wa ziwa. Stanslaus aliketi kando yake, akaendelea kujaribu.