Do ni D

"Simameni, simameni! Mnaimba au mnabeba magunia?"

Mwalimu wa kwaya aligonga meza kwa fimbo yake, na wimbo ukafa palepale katikati ya ubeti wa pili. Fundi cherehani, aliyeutunga, alitamani ardhi ipasuke immeze. Wimbo wake wa kwanza huo! Usipokubalika leo, sherehe ya Jumapili itafunguliwa kwa ule wa mwaka jana, na yeye atarudi kuwa mwimbaji wa sauti ya pili, basi.

"Wifi," alisema dada wa mumewe, kinara wa sauti ya kwanza, mwenye ulimi usiojua likizo, "wimbo mtamu, lakini unaburuza. Mimi huku chini nazoa vumbi tu."

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Fundi naye angecheka, ila neno lile lilimnasa. Unaburuza. Kumbe! Aliutunga akiwa amekaa kazini, mguu kwenye pedali, akifuatisha mvumo wa mota ya cherehani, na mota ile haijui kupanda. Wateja wangapi wamesimama mbele ya kioo chake na gauni zuri linaloburuza? Gauni hulitupi. Unapandisha pindo.

"Mwalimu, tuupandishe! Do isiwe C tena. Tuanzie noti moja juu, do iwe D!"

"D?" Mwalimu akakuna kidevu, macho yakaanza kucheka. "Watunzi wa zamani walikimbilia huko wakitaka shangwe. Tarumbeta hung'aa, fidla hulia kama zimeachiwa huru. Lakini mama, ile noti ya mwisho itakuwa juu ya paa. Nani ataifikia?"

"Huyu wifi yangu," alisema fundi. "Kwenye maneno mbona anafika?"

"Toba! Mnasikia ninavyosemwa?" Wifi akavua viatu, akavisukuma chini ya benchi. "Haya, nipeni hiyo do."

Kinanda kikaitoa. Wakaanza, na loo, wimbo ukaamka! Besi zikatikisa vioo vya madirisha, sauti ya tatu wakasahau karatasi zao, mwalimu akatupa fimbo akawa anaongoza kwa mikono mitupu. Fundi alijawa na furaha. Noti ya mwisho ikakaribia. Wifi akafumba macho, akaipanda, akaishika, akakaa nayo huko huko juu huku amemnyooshea fundi kidole.

Sauti ya pili ilikuwa imepungua mtu mmoja. Fundi alisimama katikati yao, viganja mashavuni, kinywa wazi, haimbi hata kidogo, anasikiliza.