Wachezaji Saba na Mtihani wa Takwimu

Nimefanya kazi ya polisi miaka ishirini na sita. Nimelinda benki, magereza, na mawaziri wasiojua kusalimia, lakini hakuna aliyewahi kunichosha kama ofisi za chuo kikuu. Mwizi ukimshika, anajua ameshikwa. Karani wa chuo ukimshika, anakuambia urudi baada ya chai.

Sasa nimestaafu, na ni metroni wa timu ya mpira ya wanawake ya chuo kimoja hapa Kampala. Nafua jezi, natunza ufunguo wa stoo, nafunga bandeji, nagombana. Kugombana hakumo kwenye mkataba lakini ndiko kunakokula siku yangu. Nagombana na wavulana wanaong'ang'ania uwanja wakati wa mazoezi yetu. Nagombana na wanaotoka sokoni Kalerwe na mizigo ya nyanya, wanaokatiza katikati ya uwanja mechi ikiendelea, kisha wanamlaumu refa kwa kuwapulizia filimbi. Wasichana wananiita Afande, na wakitaka kitu wananiita Mama.

Ijumaa ninayoisimulia tulikuwa na mechi nyumbani, na haikuwa mechi ya kuchezea. Mwezi Machi tulikuwa tumeshapoteza mchezo mmoja mezani, kwa sababu basi letu lilipewa kwaya iliyokuwa ikienda harusini Masaka, sisi tukabaki getini na mabegi. Kanuni za ligi ni fupi. Timu isiyoweza kuwa na wachezaji saba uwanjani imepoteza mechi, na ikirudia mara ya pili inafutwa. Tukifutwa, uwanja na stoo vinakwenda kwa wavulana, na najua hakuna mtu kwenye ofisi zile ambaye angeuliza sisi tumekwenda wapi. Nimeilea timu ile miaka saba.

Alhamisi jioni Daktari Obura, mwalimu wa takwimu, akabandika tangazo. Mtihani wake wa mwisho uliokuwa Jumanne umeletwa Ijumaa, kuanzia saa nane hadi saa kumi. Mechi yetu ilikuwa saa tisa. Nilikuwa na wasichana kumi na wawili wazima, na watano kati yao walikuwa darasa la Obura. Kumi na wawili ukitoa watano ni saba, hesabu ambayo hata mimi niliimudu bila kusoma takwimu.

Mmoja wa wale watano alikuwa Estelle, golikipa wetu na nahodha. Wazazi wake walikuja na vita vya Kongo, kutoka Beni, na mama yake anauza vitenge Lubaga. Ada yake ilikuwa inalipwa na shirika moja la kanisa kwa sharti moja tu, kwamba asifeli somo lolote mara mbili. Takwimu alikuwa ameshaifeli mara moja. Nililijua hilo. Naliandika hapa mapema ili nisije nikajifanya baadaye kwamba sikuambiwa.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Obura. Alinipokea vizuri, kwa sababu ni mtu mstaarabu, na ustaarabu wake ndio unaoudhi zaidi.

"Leta barua ya Mkuu wa Wanafunzi, yenye stempu," alisema. "Hao watano watafanya Jumatatu."

Nikashuka ngazi nikifurahi kama mjinga. Ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi ina karani anaitwa Sumayiya, binti mpole sana, mwenye kucha ndefu. Aliichapa barua kwa saa nzima. Kisha akanitazama kwa huruma.

"Afande, barua iko tayari. Stempu njo haiko."

"Iko wapi?"

"Iko kwa droo."

"Fungua droo."

"Kifunguo iko na bosi."

"Na bosi yuko wapi?"

"Alienda kwa maziko. Soroti."

Kila ninayemtaka katika chuo hiki yuko kwenye maziko. Nikampigia bosi simu. Akapokea kwa kunong'ona, nyuma yake watu wanaimba, akaniambia ufunguo wa pili uko kwa mke wake, nyumbani Ntinda. Nikapanda boda hadi Ntinda. Mke alikuwa saluni. Nikamfuata saluni, nikamngoja atolewe chini ya mashine ya nywele, tukaenda naye nyumbani kutafuta ufunguo katika mikoba sita. Saa nane kasorobo nilikuwa mbele ya ukumbi wa mtihani, jasho linanitiririka, barua mkononi ikiwa na stempu nyekundu na wino haujakauka.

Obura aliisoma mara mbili.

"Barua ni nzuri," alisema. "Lakini utaratibu unataka ifike saa arobaini na nane kabla ya mtihani."

"Daktari, saa arobaini na nane zilizopita mtihani wako ulikuwa Jumanne."

"Ndiyo maana kuna utaratibu, nnyabo," akasema kwa heshima zote, akaikunja barua yangu vizuri na kunirudishia.

Nilitamani kumfunga pingu. Miaka ile ningepata sababu. Nikageuka, na aliyekuwa karibu yangu ni Estelle, amesimama kwenye foleni na kalamu mbili na rula, midomo inasoma kanuni zake kimya kimya. Hasira yote niliyoibeba tangu Ntinda ikamwangukia yeye.

"Basi ingia ufanye mtihani wako," nikamwambia. "Sisi huko chini tutakufa tu."

"Afande, niache nimalize hii kwanza. Nitakuja mbio."

"Ukija utakuta wameshatuzika."

Akainamisha kichwa, akaingia.

Saa tisa refa akahesabu. Tulikuwa saba, bila hata mmoja wa akiba. Wapinzani walikuja kumi na mmoja na wengine saba benchi, na basi zima la mashabiki wenye ngoma. Kocha Obita alimweka golini Babra, ambaye ni winga, mfupi hata kwa mawinga, na kazi ya golini aliifanya macho yakiwa yamefumbwa. Dakika ya kumi na moja tukafungwa. Dakika ya kumi na nane tukafungwa tena. Hilo halikunisumbua, kwa maana kufungwa hakufuti timu. Kinachofuta timu ni kupungua.

Dakika ya ishirini na mbili Abalo, beki wetu wa kushoto, akatumbukiza mguu kwenye shimo ambalo nimeliandikia ofisi ya majengo mara nne. Nikakimbia na maji baridi na bandeji. Kifundo kilikuwa kinavimba mbele ya macho yangu.

"Unaweza kusimama?"

"Kusimama naweza, Afande. Kukimbia njo hapana."

"Basi simama tu hapo hapo. Usitoke."

Akasimama pembeni kwenye mstari wake, ameuma jezi kwa meno. Akitoka tu, tunakuwa sita, refa anapuliza, kwaheri ligi. Obita akanijia na uso wa kulia. Ni mtu mzima, ana cheti cha ukocha, lakini mambo yakiharibika hutafuta mwanamke wa kumkabidhi.

"Mama Adyero, fanya kitu," akasema.

Nikafungua begi, nikatoa glavu za Estelle, nikapanda mlima.

Njiani nilijiambia nakwenda kumbembeleza Obura kwa mara ya mwisho. Uongo mtupu. Mtu anayekwenda kumbembeleza mwalimu habebi glavu za golikipa.

Ukumbi ule uko nyuma ya maktaba, na madirisha yake yanaanzia kiunoni. Estelle alikuwa safu ya tatu, upande wa dirisha. Obura alikuwa mbele kabisa na gazeti lake. Sikubisha wala sikuita. Nilisimama nje ya kioo nikazishika glavu kifuani, mahali zinapoonekana.

Akainua macho. Akaniona, akaziona glavu, akarudi kwenye karatasi. Akaandika kidogo. Akainua tena macho, na mimi nipo. Kutoka uwanjani ngoma za wale mashabiki zilisikika mpaka huku juu, na yeye alizisikia. Mara ya tatu hakuinua macho, alibaki ameishika kalamu bila kuandika. Hapo ndipo ningeondoka. Mtu mwenye akili angeondoka, na mimi najua kuwafukuza watu madirishani, nimeifanya kazi hiyo kwa mshahara. Nilisogea karibu zaidi.

Saa tisa na nusu Estelle akasimama, akapeleka karatasi yake mbele. Obura akatazama saa, akamwambia jambo. Estelle akatikisa kichwa, akasaini, akatoka.

Tukateremka tukikimbia, yeye anavaa glavu.

"Umefanya maswali mangapi?"

"Matatu."

"Kati ya mangapi?"

"Matano."

"Matatu yanatosha," nikamwambia, kana kwamba mimi ndiye msahihishaji.

Alicheza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Aliokoa mbili zilizokuwa za wazi, akapiga kelele, akawapanga wenzake, na wale saba waliokuwa wameanza kuburuta miguu wakawa watu tena. Mpaka mapumziko matokeo yalibaki mawili bila. Abalo alikuwa bado amesimama kwenye mstari wake.

Saa kumi wakati wa mapumziko, wasichana wanne waliobaki kwenye mtihani wakaja wakiteremka mbio, kalamu zimechomekwa kwenye nywele. Wakavaa viatu. Tukamketisha Abalo, tukawa kumi na mmoja kamili. Nilikuwa nakata machungwa, na hapo hapo, kisu mkononi, nikaona kitu rahisi kabisa. Abalo hakutoka. Dakika zote zile alikuwa uwanjani kwa miguu yake mwenyewe. Kama Estelle angebaki kwenye kiti chake tungekuwa saba mpaka mapumziko, refa asingekuwa na la kusema, na msichana angeshuka na wenzake akiwa amemaliza maswali yote. Nililiona hilo, nikaendelea kukata machungwa.

Mechi iliisha, na sisi tukabaki kwenye ligi. Obita alinikumbatia mbele ya watu, akasema Afande ameokoa timu. Nikamwacha aseme.

Matokeo ya takwimu yalitoka baada ya wiki mbili. Wale wanne walifaulu. Estelle alipata arobaini na sita, na alama ya kufaulu ni hamsini. Hakuja mazoezini Jumatatu, wala Jumatano. Simu yake haikupatikana. Nilimfokea Obita, nikamfokea mkata majani, nikaandikia ofisi ya majengo barua ya tano kuhusu lile shimo. Aliyebaki bila kufokewa ni mtu mmoja tu, na siwezi kusema alikuwa mbali.

Jumanne iliyofuata nilikuwa naanika jezi nyuma ya stoo akaja mwanamke aliyevaa kitenge kipya, ana bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Uso wake ulikuwa uso wa Estelle, uliochoka zaidi.

"Jambo, mama. Miye naitwa Mbambu, mama ya Estelle," akasema. "Nimekuletea sombe kidogo. Banasema weye njo unawaangaliaka hawa batoto."

Nikamletea kiti cha stoo. Nilibaki nimesimama kwa sababu sikujua nikae wapi.

"Shirika wametuandikia," akasema. "Wamekata. Estelle analala tu kwa nyumba. Nikimuuliza anasema alichoka na mtihani, akatoka yeye mwenyewe. Miye siamini, mama. Alikuwa anasoma mpaka taa inazima. Nimekuja unisaidie kumuuliza. Weye anakusikilizaka sana."

Kwa hiyo alinificha. Mama yake mzazi anamuuliza, na yeye ananificha. Nilimkasirikia hata kwa hilo, nani alimwomba anifunike? Halafu hasira ikaniishia, yote kwa mara moja, nikabaki na aibu na jezi mbichi mkononi. Ningeweza kunyamaza. Ningesema nitamuuliza, tungeagana vizuri, ningekula sombe yake, kisamvu cha kwao.

"Hakuchoka, mama," nikasema. "Mimi nilikwenda dirishani kwenye mtihani na glavu zake. Nikasimama pale mpaka akatoka."

Hakupiga kelele. Afadhali angenitukana, kwa maana kugombana nakujua. Aliziangalia jezi kwenye kamba moja baada ya nyingine, bakuli lake likiwa bado mapajani.

"Bila yeye ule mpira haungewezekana?" akauliza.

"Ungewezekana."

Akatikisa kichwa polepole. Akaanza kukifungua kile kitambaa, vidole vikashindwa na fundo, akaacha.

"Na mulishinda?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Tulifungwa nne kwa moja."